Siku Octave Alipobebwa

Mama Célestine anauza ndagaa wakavu soko la Yeoville, ugenini kusini mwa Afrika. Miaka yote ambayo mwanawe Octave alicheza mpira, hakukanyaga uwanjani. Alichofanya ni kumkanda kwa maji ya moto kila Jumamosi jioni huku akinung'unika.

"Mupira gani wa kurukiana mugongoni? Mungu alikupa magoti ya kusali, weye unayavunja bure."

Ulikuwa mpira wa Kiaustralia. Kocha mmoja aliuleta shuleni kwao, mtaa wa Observatory: mpira wenye umbo la yai, unaopigwa kwa mguu na kwa ngumi, na milingoti minne kila upande, isiyo na nyavu. Watoto wengine walicheka. Octave aliruka, akaudaka juu ya vichwa vyao, na tangu siku hiyo wakaanza kumwita kwa jina lake badala ya "mgeni".

Alikua, akawa mlinzi wa ofisi huko Randburg na mchezaji tegemeo wa klabu yake. Aliteuliwa timu ya taifa iliyokuwa inakwenda Melbourne, lakini hakwenda. Mkimbizi kama yeye hana pasipoti. Nchi iliyompokea iliipenda miguu yake, ikamkataa mwenyewe! Aibu hiyo si yake, ni yetu sote tuliokaa kimya. Yeye aliwasindikiza wenzake hadi uwanja wa ndege, akawabebea mabegi, kisha akarudi kulinda lango la watu.

Mwaka huu goti la kulia lilikataa kabisa. Ilibaki mechi moja, na ombi moja.

"Mama, njoo unione. Hii tu."

"Na ndagaa atauzisha nani?"

Siku ya mechi, robo ya mwisho ilikuwa inayoyoma, Octave akitazama barabara zaidi kuliko mpira.

"Kaka, mpira uko huku!" akafoka Twalib, nahodha wao, mtu wa Tanga.

King'ora cha kumaliza mechi kililia. Walikuwa wamefungwa. Twalib na mchezaji mwenzao Pacifique wakamwinua Octave mabegani, kwani ndivyo mchezo huo unavyomtoa uwanjani anayestaafu.

Hapo ndipo Célestine alipoingia, beseni kichwani, moja kwa moja kutoka sokoni. Aliona jambo moja tu: mwanawe amebebwa na wanaume. Kwao Uvira, walikokimbia vita, anayetolewa hivyo ameumia au amekufa. Beseni likaanguka, ndagaa wakatapakaa nyasini, naye akakimbia.

"Munamupeleka wapi mutoto wangu?"

"Mama, niko muzima! Ni heshima. Nimemaliza kucheza."

Akasimama akihema, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akalishika lile goti bovu kwa mikono miwili, akawageukia wabebaji waliokuwa wanayumba.

"Inueni muzuri! Huyu nilimubeba miye peke yangu toka Uvira, masasi ya bunduki ikilia nyuma yetu. Nyinyi wanaume wawili munatetemeka?"

"Eish, Mama, wakati ule alikuwa mdogo," Twalib akajitetea.

"Hata leo ni mudogo. Tembeeni!"

Wakatembea.

"Umechelewa, Mama," Octave akasema kutoka juu.

"Nimekuona," akajibu, bila kuliachia goti.