Kuku juu ya Kitambaa cha Monsenyeri

Kila mara mujukuu wangu akipiga pasi nguo yenye kulowana maji ya mihogo, ile harufu inapanda, tamu kidogo, ya kuungua kidogo, na mimi ninacheka peke yangu kwa kiti. Ananiuliza, "Koko, unacheka nini?" Ninamujibu kwamba ninacheka mutu aliyekufa. Anafanya alama ya musalaba, anaendelea na pasi yake. Basi leo ninaandika, ili aache kuniuliza. Masomo yangu yalikuwa madogo, lakini kichwa changu hakijasahau kitu.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Wabeleji walikuwa wangali wakubwa wa inchi, na sisi tulikaa kwenye kilima juu ya Kingi. Baba alikuwa Muhunde wa hapohapo, mulimaji wa maharagi. Mama alitoka Walikale, kule porini, na katika kitunga chake alificha kipande cha nguo ya gome la muti, chenye mistari myeusi ambayo mama yake aliichora kwa maji ya majani. Kwa misioni watoto walijua habari ya ile nguo. Waliniita mutoto wa pori.

Kule misioni Masere Klotilda, sista muzungu mwembamba mwenye miwani, alitufundisha kuchora mara moja kwa juma, kwenye karatasi zilizokwisha kuandikwa upande mumoja. Siku moja alitangaza kwamba Monsenyeri, askofu wetu, atakuja kututembelea kisha mavuno. Wasichana wakubwa watashona maua kwenye kitambaa cha meza yake, na mufano wa maua utatoka kwetu sisi wadogo. Mwenye kuchora vizuri kuliko wote atapewa hii. Akainua sanduku la bati, akalifungua.

Kalamu kumi na mbili, kila moja na rangi yake. Nilikuwa mbele, nikasikia harufu yake, harufu ya mbao mupya. Buluu niliijua mbinguni na kwenye ziwa, siku tuliposhuka Shasha kutafuta samaki. Sikujua kwamba mutu anaweza kuishika kwa vidole. Niliitaka ile buluu.

Nilichora maharagi yanapanda fito, na katikati ya majani, ndege. Niliwafanyia ndege miguu ya kweli. Wenzangu walisimamisha ndege juu ya vijiti viwili. Mimi nilikuwa mulinzi wa kuku za mama, miguu ya kuku niliijua kuliko mikono yangu: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, na kile cha nyuma kimejikunja kama kinashika kitu kisikimbie. Nyuma ya karatasi nikaandika Veronika, kwa nguvu, penseli karibu ivunjike.

Aliyekusanya karatasi ni Mama Agata, muke wa moniteri, mwalimu wa misioni, na yeye alifundisha wasichana kushona. Mama munene, sauti ya juu, na kilemba alichokifunga kwa namna yake mwenyewe, ncha mbili zimesimama kama pembe za mbuzi. Hakuna mwingine aliyefunga hivyo tangu Masisi mpaka Sake.

Juma lililofuata Masere aliinua mchoro wangu mbele ya wote na akaita: "Yozefina!" Yozefina, binti ya Mama Agata. Nikasimama.

"Masere, ile ni yangu."

Mama Agata alicheka kabla Masere hajaelewa. "Huyu? Huyu mutoto wa pori? Kwabo banavaa magome ya miti, maua ataonaka wapi? Kaa chini, weye!"

Darasa zima likacheka. Masere akageuza karatasi, akasoma: Yozefina. Lakini mimi niliona mwanga unapita pale penye jina. Karatasi ilikuwa imesuguliwa mpaka imekuwa nyembamba. Yozefina akapokea sanduku bila kunitazama. Nikakaa.

Nyumbani mama alikuwa anapepeta maharagi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulilia mbele ya Agata?"

"Hapana, mama."

"Ni vizuri. Basi na hapa usilie. Shika ungo."

Kushona kulichukua majira yote ya mvua. Mimi nilipewa kazi ya kuteka maji na kupika maji ya mihogo, wanga wa kukaza nguo kabla ya pasi. Mama Agata alinituma kama punda, na mimi nilikwenda, "ndiyo mama, ndiyo mama," huku ninatafuta rangi. Sanduku sikuwa nalo, sawa. Nilijaribu makala ya moto: maji yakayachukua. Nilijaribu udongo mwekundu wa njiani: sabuni ikautoa. Matunda meusi ya kando ya mashamba yalitoa rangi nzuri sana, ya zambarau, lakini kesho yake ikawa kama jivu. Unga mwekundu wa muti, ambao shangazi ya mama alitutumia kutoka Walikale, niliuchanganya na mafuta ya mawese, nikaharibu shati ya baba. Nilipigwa. Nikaendelea.

Halafu siku moja mama alikata mugomba, utomvu ukarukia nguo yangu. Ulikuwa kama maji tu, haukuonekana. Mama alipoifua nguo kwa sabuni, matone yote yakatoka rangi ya kahawa, na hayakuondoka tena mpaka ile nguo ilipochakaa. Mama akalalamika. Mimi nilisimama pale kama mutu aliyeitwa kwa jina.

Tangu siku ile shule yangu ilikuwa kule kwenye migomba. Nilichonga unyoya wa kuku, nikachora kwenye vipande vya nguo kuukuu. Nilijifunza kwamba utomvu wa shina ni hafifu, wa kikonyo cha ua ni mukali. Ukipitisha mara mbili, rangi inakuwa nyeusi. Moto wa pasi unaiamsha, sabuni inaikasirisha zaidi. Na jambo gumu kuliko yote: unachora bila kuona. Mustari ukikauka hauko. Lazima mukono ukumbuke pale ulipopita. Mwanzoni nilichora vitu vya kuchekesha, jicho mgongoni, mudomo kwenye mukia. Kufikia mavuno ya maharagi mukono wangu ulikuwa umepata macho.

Siku iliyotangulia kufika kwa Monsenyeri, kitambaa kilifuliwa, kikatandazwa juu ya majani. Mama Agata akaniambia: "Veronika, kaa hapa, ufukuze kuku. Kuku hata moja akikanyaga hapa, nitakukamata weye."

"Ndiyo, mama."

Jua lilikuwa kali. Kitambaa kilipokauka, nilitoa kibuyu kidogo chini ya nguo yangu. Katikati ya maharagi yangu na ndege wangu paliachwa nafasi ya sahani. Hapo nilimuchora kuku munene, anadonoa haragi kwenye fito zangu. Kichwani nikamufunga kilemba, ncha mbili juu. Nikapitisha mara mbili.

Asubuhi Mama Agata alinyunyiza maji ya mihogo, akapiga pasi yeye mwenyewe, kazi ile hakuiachia mutu. Nilisimama na ndoo yangu, nikasikia ile harufu. Nilimuona anainama, anasugua kwa kidole. Kimustari cha rangi ya chai kilikuwa kimeanza. Alitazama mulangoni, gari la Monsenyeri lilikuwa linapanda. Akatandika kitambaa mbiombio na juu ya kile kimustari akaweka sahani.

Sisi watoto tuliimba tukisimama mulangoni. Monsenyeri alikula kuku na mihogo, akakula vizuri. Mama Agata akaja, amevaa vizuri, pembe zake juu, akainua sahani.

Chini yake kuku wangu alikuwa ameiva kabisa.

Monsenyeri akainama, akauliza kwa Kiswahili chake: "Na huyu mwingine, sababu gani amevaa kilemba?"

Katekista muzee alitazama kuku, akatazama Mama Agata, akatazama tena kuku, na supu ikamutoka puani. Basi ikawa kicheko, mpaka nyuma kwa wapishi. Mama Agata alisimama na sahani mukononi, ncha za kilemba zinatetemeka.

Masere hakucheka. Alishusha miwani, akatazama miguu ya kuku. Halafu miguu ya ndege waliomuzunguka. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma kimejikunja. Akanitazama mimi.

"Veronika. Mikono."

Vidole vyangu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha.

Azabu yangu: kufua kile kitambaa kila Jumamosi, siku ya posho, mpaka kuku atoke. Nilifua. Kuku akazidi kuwa mweusi. Masere alikuja kuangalia kila mara, akasema "tena," na siku nyingine aliacha karibu na beseni kipande cha nguo nyeupe cha kuchorea. Kuhusu wizi hakuna aliyesema lolote. Sanduku lilibaki kwa Yozefina. Lakini tangu siku ile Mama Agata alifunga kilemba bapa, kama mugonjwa wa kichwa, na kwenye chemchemi wanawake walimuita Mama Kuku mpaka alipozeeka. Mimi niliyasikia hayo nikienda na kurudi na mutungi, na mutungi haukunilemea.

Nilikua, nikaolewa, nikachora vitambaa vya utomvu na unga mwekundu mpaka watu wakatoka Kirotshe kuvitafuta. Mwaka mumoja Mama Agata alikuja mwenyewe, na fimbo, kutafuta kitambaa cha ndoa ya mujukuu wake. Alikipapasa muda mrefu.

"Mama Veronika, haya maarifa, ni nani alikufundishaka?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelielewa zamani. Kalamu za Yozefina ziliisha kabla ya mvua ya pili, buluu ya kwanza. Ningepewa mimi, zingeisha vilevile, na kwenye migomba nisingekwenda kamwe. Hasira yangu juu yake ndiyo ilinipeleka. Huyu mama aliyesimama mbele yangu na fimbo, ni yeye aliyenifundisha. Alistahili kulisikia, na alikuwa anangoja.

"Masere Klotilda," nikamujibu.

Akatikisa kichwa, akabeba kitambaa chake, akaenda. Mwaka uliofuata tulimuzika.

Jina lake nililifuta pale, kama yeye alivyofuta langu, na karatasi haikuwa nyembamba hata kidogo.