Mwalimu Hidaya na Kundi la Kinyonga

Hidaya Shekiondo alifundisha Kiswahili darasa la sita katika shule moja juu mlimani, Magamba. Alilikuta darasa limegawanywa makundi matatu: Tai, waliosoma haraka, Njiwa, wa wastani, na Kinyonga. Majina hayo aliyachagua mwalimu mkuu, Mwalimu Emanueli, ili asije mtoto akaona haya. Kinyonga walikaa mlangoni, baridi inakoingilia, na hadi darasa la sita walikuwa wangali kwenye silabi.

Hidaya akapelekwa semina mjini Lushoto. Mada ilikuwa kufundisha kusoma bila kuwatenga wanafunzi. Mwezeshaji, Bwana Alen, aliwapokea walimu mlangoni na kuwapanga: wenye shahada mbele, wa stashahada katikati, wa cheti nyuma.

"Samahani," Hidaya akauliza kutoka nyuma, "mbona sisi tumetengwa?"

"Ni kurahisisha mada, mwalimu," Alen akajibu, wala hakuwa akitania.

Aliporudi, Hidaya alichanganya madawati. Darasa zima likapewa hadithi moja, ya mbuzi aliyekula kabichi za jirani. Kwanza aliwasomea yeye, kisha wakasoma wawili wawili, kisha wakabishana kosa ni la nani. Kristofa, aliyekuwa Kinyonga, alishikilia kuwa mwenye shamba ndiye mkosaji, hakuweka uzio. Ikabidi arudi kitabuni kutafuta palipoandikwa hivyo. Saumu, aliyekuwa Tai, aliketi naye, akijifunza kazi ngumu ya kutomnyang'anya mwenzake neno mdomoni.

Haikupita wiki, baba yake Saumu, Mzee Abubakari, akapanda shuleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu alikuwa Tai. Sasa ni nani?"

"Ni Saumu, baba."

Mzee hakuridhika, akaenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaja darasani, akakaa kipindi kizima, akapendezwa mno. Kesho yake kikaoni akawagawa walimu makundi matatu: walioelewa vizuri kufundisha bila makundi, walioelewa kiasi, na wazito. Hidaya aliwekwa la kwanza. Aliona aibu kuwatazama wenzake, lakini akalikubali kundi lake, maana madawati yake hayakuguswa.

Mwezi wa kumi na moja Kristofa alisimama kusoma ukurasa mzima. Alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Kengele ya uji ikalia, wengi wakatoka. Saumu alibaki, mikono ameikalia, mpaka nukta ya mwisho.

"Uji utaisha," akasema.

"Bado ukurasa mmoja," Kristofa akamjibu, akafunua.