Makopo Kumi, Familia Kumi na Tano

Mjukuu wangu, yule anayesoma Dilala, alikuja kwangu mimi kambo yake, bibi yake, na hesabu za fraksio, zile za nusu na theluthi. Aliziandika haraka haraka bila kuinua kichwa.

"Kambo, hii ni rahisi. Ukigawanya na fraksio, unaipindua, halafu unazidisha."

"Unaipindua kwa nini?"

"Njo sheria, ni hivyo. Mwalimu alisema tusiulize mingi."

Mi nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, kwa masista wa Lubudi, halafu nikatolewa nikalee wadogo zangu. Bibi wa darasa la tatu anajua nini cha fraksio? Lakini hiyo moja ninaijua, kwa sababu niliiona ikifanywa kwa unga, pale gare, stesheni ya treni ya Kolwezi, wakati watu wa mkoa wa Kasai walipofukuzwa.

Majina yote ninayo. Familia tulizokaa nazo pale ninaweza kuzitaja, baba, mama na watoto mmoja mmoja, hata wale wa mgongoni. Siyaandiki. Wengine walirudi baadaye, wakajenga karibu na wale waliowafukuza, na asubuhi wanasalimiana kwenye bomba. Sioni faida ya kuwaandika.

Kwetu ni Lubudi, mkoa huuhuu, kwa hiyo mimi hakuna aliyenifukuza. Mume wangu naye alizaliwa hapahapa Kolwezi, kwenye kambi ya wafanyakazi, lakini babake aliletwa kutoka Kasai na kampuni ya mgodi kuja kuchimba, na hiyo ilitosha. Kampuni yenyewe ilikuwa inakufa. Ilianza kukatika posho, ukafuata mshahara, mwishoni hata maji ya bomba. Hapo ndipo vijana walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakisema Wakasai warudi kwao. Mume wangu hiyo kwao hakuwahi kuiona hata siku moja. Ndugu zangu walikuja kunichukua. Walisema mimi nibaki, watoto waende na baba yao. Nikakataa. Tukatoka na magodoro mawili, sufuria, watoto na mama mkwe wangu. Mama wa mjukuu huyu wa fraksio alikuwa bado tumboni.

Pale gare treni haikuja. Watu walilala chini ya maturubai, pembeni ya reli, wakajipanga kwa makundi: kundi moja, gari moja la treni. Kundi letu lilikuwa na familia kumi na tano. Kila kundi lilijua watu wake, na mtu aliyekataliwa na kundi lake hakuwa na pa kupandia. Mi nilikuwa nimekubaliwa, lakini kwa shingo upande. Nikiongea, watu walisikia Lubudi mdomoni mwangu.

Siku moja parokia ilituma unga. Mfuko uliofika kwetu haukuwa umejaa. Mama mkwe wangu, ambaye aliuza unga sokoni tangu mume wangu akiwa mtoto, aliupima wote kwa kopo lake la maziwa ya unga, akasema ni makopo kumi. Kopo lile ninaliona hata sasa. Lilikuwa na mistari miwili iliyobonyezwa kwenye bati, kulizunguka, ikiligawa sehemu tatu sawa.

Katika kundi letu alikuwemo mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari. Akasema: kopo zima kwa kila familia halitatosha watu wote. Mpaka mstari wa kwanza ni kidogo, bukari, yaani ugali, haishikani. Tutoe mpaka mstari wa pili, yaani mbili ya tatu ya kopo, na familia zote kumi na tano zitapata.

Mzee mmoja akacheka. Alikuwa dereva wa yale makamioni makubwa ya mgodi, mtu wa sauti nene.

"Mwalimu, unatuona bajinga? Kopo kumi unagawanya, inatoka kumi na tano? Tangu lini kugawanya kunaongeza?"

"Tata, mzee wangu, achana na kumi. Angalia kopo moya. Iko na sehemu ngapi?"

"Tatu."

"Familia moya inakamata ngapi?"

"Mbili."

"Inabakia?"

"Moya. Sasa iyo moya ni ya nani?"

"Ni nusu ya mwenye kufuata. Kopo moya inalisha familia moya na nusu. Kopo kumi?"

Mzee akatazama kopo, akatazama mwalimu. Wengine wakaanza kuhesabu kwa vidole. Mwalimu akachora mchangani kwa kijiti: kila kopo lina sehemu tatu, basi kumi ni mara tatu, sehemu thelathini. Familia inachukua sehemu mbili, basi thelathini tunaitoa mbili mbili. Kumi na tano. Tatu, ambayo katika mbili ya tatu ilikuwa chini, imepanda juu kwa sababu ndiyo inayozidisha. Mbili imeshuka chini kwa sababu ndiyo inayogawanya. Hakuna kingine katika kupindua.

"Sawa," mzee akasema. "Tutaona mu sahani."

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda, mi nikashika mdomo wa mfuko. Watu wakapanga mstari na masahani yao. Alipima vizuri, ninashuhudia. Kila kopo mpaka mstari wa pili, akalisawazisha kwa kidole, akamimina. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akaongeza konzi moja juu. Hiyo ni matabisi. Kwetu hakuna anayepima unga akaacha kuweka matabisi. Hata mnunuzi hasemi asante kwa hiyo, anangojea tu na sahani yake haijaondoka. Mama mkwe alikuwa na mkono mpana, na wateja walimpendea huo. Hakuna aliyeshangaa. Mimi mwenyewe niliangalia konzi ile ikipita mbele ya macho yangu, kila familia, na sikuona kitu.

Ilipopita familia ya kumi, mfuko ukaisha. Watano walikuwa bado wamesimama na masahani matupu, na wa mwisho wao alikuwa yule mzee dereva.

"Bunga iko wapi?"

Mume wangu alikuwa amekwenda kutafuta maji.

"Mi nauliza. Mwenye kupima ni mama yetu, tunamujua. Mwenye kushika mufuko ni nani? Bandugu yake njo banatutosha, banatufukuza mu manyumba. Sasa banakamata na bunga."

"Tata, mi sijachukua kitu," nikasema.

"Sikia Lubudi inaongea!"

Mwanamke mmoja akapiga makofi. "Afungue kitenge! Tuone ile tumbo kama ni mimba ao ni bunga!"

Wakacheka, kicheko kibaya. Mzee hakucheka. Alisema polepole, kama mtu anayesoma tangazo, kwamba mwizi hapandi gari moja na watoto wake. Treni ikija, mi nirudi kwa ndugu zangu. Watoto, kwa sababu ni wa Kasai, watakwenda.

Niliweka mikono juu ya fundo la kitenge. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu, kopo mkononi.

Mwalimu akaja na sahani yake. Yeye alikuwa ameshapata. Akaomba kopo, akamimina unga wake wote ndani, taratibu. Ukapita mstari wa kwanza, ukapita wa pili, ukafika mdomoni, sawa na ukingo.

"Mama, ulinipimia mpaka wapi?"

"Mustari ya pili. Unaona mi ni mwizi?"

"Hapana, mama. Na hii ya juu?"

"Ile? Ile ni matabisi."

"Uliihesabia?"

"Mwalimu, matabisi banahesabia? Ikihesabiwa, itakuwa tena matabisi?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na safari hii kilikuwa kicheko kingine. Mwalimu akarudi kwenye michoro yake mchangani. Akasema hesabu yake ilikuwa ya kopo, haikuwa ya mkono. Kwa mkono wa mama, kila familia ilichukua sehemu zote tatu, kopo zima. Kopo moja, familia moja. Makopo kumi, familia kumi. Hakuna hata punje iliyokwenda ndani ya kitenge.

Basi waliopata wakarudi mmoja mmoja. Kila sahani ikamiminwa kwenye kopo, kilichopita mstari wa pili kikarudi mfukoni. Familia kumi, sehemu kumi. Mbili mbili, tano. Mzee dereva aliangalia kila kopo kwa macho yake, na alipofikiwa, mama mkwe akapima mpaka mstari wa pili, akamimina. Mkono wake ukaenda tena mfukoni, wenyewe. Mfuko ulikuwa mtupu. Mzee akaushika ule mkono.

"Acha, mama. Matabisi yangu utanipatia kule Kasai."

Mimi hakuniomba msamaha, wala hakusema kama nitapanda gari. Mwanamke wa kitenge naye hakuniomba. Bukari ikapikwa, tukala, na siku zikaendelea, treni haiji.

Ilipokuja, watu walisukumana mpaka wengine wakaacha magodoro relini. Mzee dereva alikuwa amepanda kwanza, amesimama mlangoni mwa gari letu, anavuta watu ndani na kurudisha wasio wa kundi. Aliwapokea watoto wangu, akampokea mama mkwe, akampokea mume wangu. Nikabaki mi, chini, na tumbo langu. Akaniangalia kidogo. Halafu akageuka, akachukua mfuko wa unga ambao parokia ilitupatia wa njiani, akaniwekea mikononi, na akanivuta juu pamoja nao.

"Shika mufuko," akasema. "Na uangalie mukono ya mama mukwe yako."