Nilijichoma Sindano za Mtoto Ili Nirefuke

Nimekosa, wenzangu, na sina wa kumsingizia. Niliiba dawa ya mtoto wa dada yangu nikajichoma mwenyewe, mimi mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, eti nirefuke.

Hapa Kalemie, kila mkubwa wa serikali akishuka kutoka Kinshasa, sisi wa animasio, kundi la nyimbo na ngoma za kuwasifu wakubwa, tunaenda kumchezea uwanja wa ndege. Warefu wanapangwa mbele na kupewa vitenge vipya. Sisi wafupi tunakaa nyuma na vitenge vilivyopauka, tunameza vumbi. Sauti ninayo, kiuno ninacho, urefu ndio Mungu alininyima. Roho iliniuma, siwafichi.

Sasa Furaha, binti wa dada yangu, ana miaka tisa na kimo cha mtoto wa mitano. Daktari alimpima akakuta mwili wake hautengenezi vya kutosha kile kitu kinachokuza watoto. Masista wa misheni wakamwagizia dawa ya sindano Ulaya. Inatakiwa kukaa baridini, na mtaani kwetu mwenye frigo ya petroli, friji ya mafuta ya taa, ni mimi tu, nauzia vinywaji. Dada akaniachia boksi zima hadi masista wapate nesi wa kumchoma mtoto. Fisi akakabidhiwa bucha.

Niliwahi kufagia materinite, wodi ya wazazi, nikaona manesi wakichoma, basi nikajiona nesi. Kila jioni nilifunga mlango, nikajidunga pajani, kisha nikasimama kwenye fremu ya mlango na kipande cha mkaa nijipime. Alama ikabaki palepale. Nikaongeza dawa!

Kilichokua ni miguu. Viatu vya sherehe vikakataa. Vidole vikavimba kama ndizi, mikono ikafa ganzi hata makofi yakanishinda. Siku mkubwa alipokuja nilicheza pekupeku, nyuma kabisa, na kiongozi wetu akaniuliza mbele ya watu: "Weye Mama, unacheza ao unatwanga majani ya sombe?"

Nesi alipopatikana dada akafuata dawa, nami nilikuwa nimeimaliza, nikamdanganya kwamba petroli iliisha, frigo ikazima, dawa ikaharibika. Akanipa pole. Mimi ndiye niliyepewa pole!

Miezi ikapita bila dawa. Tukampeleka Furaha kupimwa. Kimo kilekile. Mtoto akamtazama mama yake akasema, "Mama, usikasirike. Nitakulaka bukari yote, sitaacha tena." Alidhani hakui kwa sababu anabakiza ugali.

Hapo nilishindwa. Nikasema kila kitu, nikilia kama mjinga.

Daktari akashika mikono yangu akaigeuza. "Mama, mutu mukubwa harefuke tena, mifupa yake imeisha kufunga. Weye utavuna ugonjwa ya sukari na maumivu tu. Hii dawa ni ya mutoto mwenye mwili yake inakosa, tunahesabu kipimo kufwata kilo zake, na tunamupima kila mara. Haikuwa yako."

Dada akamshika Furaha mkono, wakatoka bila kunisubiri. Afadhali angenitukana.

Ninyi mnaosoma, dawa ya daktari ina mwenyewe. Iliyomfaa jirani inaweza kukuharibu wewe, na ukiiba, kuna mtoto anajilaumu kwa kosa lako. Kama mwanao hakui, mpeleke apimwe, usimtafutie sindano za vichochoroni.

Dawa mpya imefika, na Furaha ameanza kukua. Frigo yangu inafanya kazi vizuri. Lakini dada ananunua barafu ya kutunzia dawa kwa wavuvi kila asubuhi, anapita nayo mbele ya mlango wangu, na hageuki.