Anayetukanwa kwa Niaba ya Bomba Kavu

Saa mbili asubuhi. Mlango wa ofisi ya maji ndio kwanza unafunguliwa, na mwanamke aliye nyuma ya kioo ameshaitwa mwizi kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Karibu, ndugu mteja," anasema, uso umetulia kama picha ya kitambulisho.

"Karibu ya nini? Maji yako wapi?" Mzee mmoja anabamiza dumu tupu mbele ya dirisha. "Wiki nzima wajukuu wanalala na jasho la juzi. Wewe hapo umeoga?"

"Pole kwa usumbufu, mzee wangu. Lalamiko lako limepokelewa, linashughulikiwa."

"Linashughulikiwa na nani? Na hiyo feni?" Mzee ananyoosha kidole kwenye feni ya darini, ambayo haizunguki. Foleni nzima inaangua kicheko.

Mwanamke hacheki. Anatabasamu tu, lile tabasamu atakalompa anayefuata, na atakayemfuata huyo, mpaka jioni.

Wateja humwita Mama Dirisha, na wenzake kazini nao wameshazoea kumwita hivyo. Hatengenezi pampu, hafungui koki, hapangi zamu za mgao. Kazi yake ni kukaa pale ili watu wapate wa kumtukana. Wanaostahili matusi hayo wanakaa ghorofani, na ngazi ya kwenda huko ina mlinzi.

Wenye kumbukumbu wanajua ofisi hii ilikuwa na madirisha manne. La kwanza lilifungwa "kwa muda". La pili likasogezewa kabati. La tatu likapakwa rangi pamoja na ukuta, kana kwamba halijawahi kuwepo. Hasira za madirisha manne zikahamia kwenye moja.

Pampu kubwa nayo ilianza kukohoa miaka hiyo hiyo. Kila mkubwa aliyeingia aliahidi kipuri. Wakubwa wamekuja na kuondoka, wengine na mashada ya maua, na kipuri hakijaonekana. Kilicholetwa mwaka jana ni semina.

Mkufunzi alikuja na spika yake, akawaambia wafanyakazi wafumbe macho. Somo lilikuwa ustahimilivu wa kihisia katika maisha ya kila siku. Mteja akikutukana, vuta pumzi, tabasamu, sahau.

Msoma mita mmoja, ambaye kwa kupenda kuongea wenzake humwita Redio, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na pampu nayo ifumbe macho?"

Watu walicheka, meneja akaandika jina lake.

Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda. Mtu anakukanyaga mguu, halafu badala ya kuinua kiatu anakufundisha kupumua. Ukiendelea kulia, kosa ni lako: hukufuata somo.

Mama Dirisha alilifuata. "Nilikuwa mwanafunzi bora," anasema wakati wa mapumziko, akikandakanda shingo. "Mtu ananitukania mama yangu, mimi naona midomo inacheza tu. Nilidhani nimekuwa imara. Kumbe nimekufa ganzi."

Ganzi hiyo ilimfuata mpaka nyumbani.

Anaishi na binti yake wa pekee, mwanafunzi wa sekondari. Jioni moja binti aliingia jikoni bado amevaa sare, macho mekundu. Mwalimu alikuwa amemsimamisha mbele ya darasa na kusoma kwa sauti insha yake kuhusu marehemu baba yake, akiichambua makosa sentensi kwa sentensi, na darasa likacheka. Binti akasimulia yote.

Mama alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua kichwa.

"Pole kwa usumbufu," alisema. "Suala lako limepokelewa, linashughulikiwa."

Binti alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha mama akainua uso, na usoni lilikuwepo lile tabasamu la kazini.

"Nililisikia neno likitoka, nikashindwa kulirudisha," anasema. "Akaniangalia kama wanavyoniangalia wale wa foleni. Akaenda chumbani, akafunga mlango polepole. Angeubamiza, ningefurahi."

Tangu siku hiyo, binti akiulizwa habari za shule, hujibu: nzuri, mama. Kuna shida? Hakuna, mama. Akitaka kuongea, huenda kwa mama mdogo, mtaa wa pili.

"Kazi nikiipoteza nitatafuta nyingine," anasema Mama Dirisha. "Huyu nikimpoteza nitamtafuta wapi?"

Alimweleza Redio peke yake. Redio hakumpa ushauri. Alisema tu, "Mimi naumwa na mbwa, dada. Wewe unaumwa na wenye mbwa. Wangu wana chanjo."

Siku hiyo Mama Dirisha alicheka mpaka akalia, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na kilio chenyewe hakikuwa kidogo.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao haumo katika somo lolote la mkufunzi. Kila jioni, kabla ya kwenda nyumbani, wafanyakazi wachache hukutana kwenye stoo ya mabomba mabovu. Kila mmoja hutamka tusi lililomchoma siku hiyo, kama alivyotupiwa, na kusema lilimchoma wapi. Wengine husikiliza. Sheria ni moja: neno "pole" ni marufuku. Limesemwa mchana kutwa mpaka limeoza. Atakayelisema anafagia stoo.

"Jana nimefagia mimi," anasema Redio. "Limenitoka kama chafya."

Wakitoka pale hawana raha, na hakuna anayedai wanayo. Wamechoka vilevile. Ila kila mmoja anaondoka akijua kinachomuuma na kilimpata wapi, na hahitaji kukitua mezani kwa watoto wake.

Meneja aliposikia, aliuliza ni mkutano wa nini na nani ameuruhusu. Wakaona heri waende kwake wote pamoja. Waliomba dirisha la pili lifunguliwe, na anayekaa pale apokewe zamu ikifika mchana.

"Mlishapewa semina," meneja akajibu.

Jumatatu watarudi kwake. Akikataa tena, adhuhuri dirisha litafungwa na wote watatoka nje, wasimame na watu wa foleni, wawaambie nani hasa anakaa ghorofani. Mama Dirisha amekubali kuwa wa kwanza kunyanyuka. Anasema anaogopa, na anafurahi kidogo kwamba anaweza kuogopa.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumapili. Juzi binti alisimama mlangoni mwa jikoni, akakwaruza mbao kwa ukucha, akauliza, "Mama, Jumapili utanisuka?" Kwa miezi amekuwa akisukwa na mama mdogo.

"Atakaa chini, amenipa kisogo," anasema mama yake, akijifunga mtandio tayari kurudi kwenye kioo. "Hatauona uso wangu. Labda ataanzia hapo kuongea, labda hataanza. Sitamuuliza kitu."

Binti amechagua mtindo wa mistari midogo midogo, ule unaochukua siku nzima.