Mwalimu Majani na sufuria yake ya muchaichai

Mpaka saa hii akili yangu inakataa. Tumemuzika Mwalimu Prosper, na mimi bado nangojea simu yake ya asubuhi: "Dokta wa Matope, uko wapi? Leta majani!"

Dokta wa Matope ni mimi. Jina alinipa yeye, kwa sababu kati ya Wamaza na Kasongo hakuna motari wa pikipiki anayejua tope kama mimi. Mwenye wivu aandike hapo chini, tutaonana barabarani.

Mimi nilimwita Mwalimu Majani.

Ninaandika kwa sababu nimeona maneno yenu kwa magrupe. Eti ni zile harufu zake ndizo zilimuua. Eti alikuwa anawalisha walimu wenzake uchawi. Mimi nilikuwapo. Nyamazeni kidogo.

Shule yake kule Wamaza munaijua. Watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa kwa dirisha. Mushahara unachelewa. Walimu wengine walitupa chaki wakaenda kuchimba zahabu Salamabila, na waliobaki walikuwa wanagombania hata kiti.

Mimi masomo niliachia katikati, lakini si kwa ujinga, munielewe. Nilitazama sura za walimu wangu, nikasema: kusoma kote huku, mwisho ni uso kama ule? Asante, nipeni pikipiki.

Siku moja Prosper alisoma kwa simu yake kitu kinaitwa aromaterapi. Akanieleza tukiwa njiani, eti harufu inatuliza roho, upepo unakula nusu ya maelezo. Nikamwambia, kama unavyomwita kaka mukubwa, "Yaya, neno hilo ni refu kuliko pikipiki yangu. Sema tu unataka nini."

"Nataka muchaichai wa shamba la mama yako. Na polepole, Dokta! Mwalimu hana spea."

Huo ndio ulikuwa wimbo wake. Kila kona, kila shimo: polepole, Dokta, mwalimu hana spea. Nilikuwa naongeza moto makusudi nimusikie akipiga kelele.

Basi saa ya rekreasyo, watoto wakitoka kucheza, sufuria ya maji ya moto inawekwa kwa meza ya walimu, ndani muchaichai na maganda ya machungwa. Unainama, unajifunika kitenge, unavuta pumzi. Ni vile tu.

Siku ya kwanza walimucheka. "Nani anaugua malaria hapa?" Prefe, mukubwa wa shule, akasema, "Prosper, hii ni shule, si jiko." Haikupita muda, prefe ndiye aliyekuwa anakaa chini ya kitenge mpaka wenzake wanamugonga mugongo: "Prefe, toka, na sisi tuko na matatizo!"

Halafu ile siku ya kafuri. Daraja lilikuwa limekatika (si kosa langu, hata ndege angechelewa), majani hayakufika. Prosper akaenda dukani, akaona vipande vyeupe vyenye harufu ya kufungua kichwa, akanunua, akatia ndani ya sufuria.

Yeye ni Mukristo wa kijijini, hakujua. Sisi Waislamu wa Kasongo tukinusa kafuri tunajua kuna maiti inaoshwa.

Mama Zaituni, mwalimu wa hesabu, mutu wa Kasongo kama mimi, alifika mulangoni akaganda. "Prosper! Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Ni ya stress."

"Ya stress? Unatuosha tukingali wazima?"

Alibeba sufuria mwenyewe akamwaga nje. Mimi nilifika na majani yangu nikakuta walimu wazima wanatoka machozi ya kicheko, Prosper ameshika kichwa. Tangu nizaliwe sijaona walimu wakicheka vile.

Sasa munisikilize. Hakudanganya mutu. Aliniambia na mudomo wake: "Dokta, hii haiponyeshi ugonjwa. Inakupa tu nafasi ya kuvuta pumzi mbele ya kurudia kelele."

Yeye mwenyewe alikuwa na tension, damu inapanda. Infirmiye wa zahanati alimwambia: dawa kila siku, na upumzike. Dawa zilimwishia. Kupumzika alikataa. "Nikilala, nani atashika watoto?" Alikuwa anashika darasa lake na la yule aliyekimbilia Salamabila.

Alianguka mbele ya ubao, chaki mukononi. Ni hiyo tension ilimuua. Si muchaichai wa mama yangu.

Nilimubeba mimi. Mama Zaituni alikaa nyuma yake, akamufunga na kitenge kwa mugongo wangu. Kitenge kile kile cha sufuria, bado kinanuka majani.

Nilikimbiza pikipiki vibaya. Kila kona nilitega masikio aniambie polepole.

Hakuniambia.

Tope lote nilivuka, sikuanguka hata mara moja. Tulifika hospitali ya Kasongo. Munaniita fundi wa njia, na kweli ni fundi, lakini ufundi wote ule ulifikisha mutu aliyekwisha kwenda.

Kwenye kilio, mbele ya kufunga sanduku, Mama Zaituni alisogea. Alitoa kwa kanga yake kifuko kidogo, na harufu ikajaa nyumba. Kafuri. Familia ya marehemu walimutazama tu, desturi yao si hiyo. Yeye akakiweka pembeni ya bega la Mwalimu, akainama kama vile tulivyokuwa tunainama kwa sufuria.

"Mwalimu," akasema, "siku ile nilikumwagia kafuri yako. Leo chukua."

Prefe alitoka nje. Mimi pia nilitoka, eti kuangalia pikipiki.

Leo asubuhi nimepeleka muchaichai shuleni. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda taratibu, kiti cha nyuma wazi, watoto wa barabara wakanizomea: "Dokta, umezeeka?"

Lala, Mwalimu Majani, lala salama. Kengele ikilia usiamke, hiyo ni ya sisi tuliobaki. Na ujue: naenda polepole sasa, Yaya.