Mabua Yana Wenyewe

Samadi mbichi ikipigwa na jua la saa tatu asubuhi hutoa harufu ambayo sijaweza kuieleza vizuri, na nimejaribu. Kuna majani ndani yake, kuna maziwa yaliyoanza kuchacha, kuna joto la blanketi lililolaliwa. Siku za mnada hapa Katesh, ng'ombe wakipitishwa nyuma ya nyumba ninapopanga, harufu hiyo huingia chumbani bila hodi. Mwenye nyumba wangu, Bi. Zuhura, ambaye familia yake imeuza vitenge mjini hapa tangu kabla sijazaliwa, hupiga kelele kutoka uani: "Fausta, funga dirisha! Utanuka mpaka Ijumaa!"

Namwambia nafunga. Sifungi. Naacha harufu inirudishe Gendabi, mwaka nilipokuwa darasa la saba, asubuhi ambayo mama yangu alikataa pesa mbele ya macho ya watu.

Inabidi niwaambie kwanza nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa mtoto wa kufuta. Niliandika herufi, nikaifuta, nikaiandika tena, mpaka karatasi ikatoboka na mwalimu akanichapa kwa kuharibu daftari. Hata leo ujumbe wa simu wa kumwambia mtu "nimefika" nauandika mara tatu kabla ya kuutuma. Kwa mtoto wa aina hiyo, mtihani wa darasa la saba haukuwa mtihani. Ulikuwa siku ya hukumu, nami nilikuwa na hakika nitawekwa upande wa mbuzi.

Dawa yangu niliijua. Mwalimu mmoja mjini alifundisha twisheni wakati wa likizo, na sifa zilitufikia kwamba waliosoma kwake walichaguliwa shule za bweni. Ningelala kwa shangazi, ningebeba unga wangu. Kilichobaki ni ada. Kila nilipomwambia baba, alijibu, "Tutaona baada ya mavuno."

Kwetu hilo ndilo jibu la kila kitu: shati jipya, bati, harusi, jino linalouma. Nilidhani ni jibu la maskini wa Gendabi tu. Nilipokuja kuishi mjini ndipo niligundua kwamba Katesh nzima husema hivyo hivyo. Fundi cherehani hungoja mahindi yetu. Muuza sufuria hungoja maharage yetu. Bi. Zuhura mwenyewe, anayeniambia nifunge dirisha, hupandisha vitenge vipya juu ya meza pale tu anapowaona watu wa vijijini wanashuka na magunia. Mwaka ambao mvua imetukatalia sisi, yeye hukaa mlangoni mwa duka lake akipunga inzi.

Sasa, mavuno yakiisha, shamba linabaki na mabua. Sisi hatukuwa na ng'ombe wa maana, tulikuwa na mmoja mkorofi ambaye hata maziwa yake aliyabania. Jirani yetu Gidamis, mfugaji wa Kibarbaig, alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwa na shamba. Kwa hiyo kila mwaka, tukishavuna, ng'ombe wake waliingia kula mabua yetu, na kwa siku kadhaa walilala humo humo, ndani ya boma la miiba lililohamishwa kidogo kidogo mpaka shamba zima likawa limepata samadi. Mvua ya kwanza ikinyesha, maksai wake walilima kwetu kwanza, kabla ya kwenda kwa mtu mwingine. Hakuna aliyemlipa mwenzake hata shilingi. Mama alikuwa na msemo wake: "Mahindi ni ya aliyelima, mabua ni ya aliyengoja."

Mwaka huo likaja lori.

Mwenye lori alinunua mabua kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani huko mijini. Alikuwa mtu mcheshi, kofia nyeupe kuliko kitu chochote kijijini, na vijana wake walifunga marobota kwa kamba haraka kama watu wanaokimbiza mvua. Alilipa taslimu, pale pale shambani. Hebu fikirini: takataka zinageuka pesa! Majirani wakauza, mmoja baada ya mwingine. Mashamba yakabaki meupe kama kichwa kilichonyolewa. Gidamis alipita kwetu siku moja, akasimama kwenye uzio akiwa ameegemea fimbo yake, akamwambia baba bila kulalamika kwamba mabua yakiisha atashuka na mifugo bondeni, Yaeda Chini. Huko kuna ndugu zake. Akishashuka, hakujua kama atapanda tena.

"Haya," alisema baba, akitazama miguu yake mwenyewe.

Jioni yake, tukiwa tunakula, baba alitoa habari kwa sauti ya mtu aliyebeba zawadi mgongoni. Alikuwa amekutana na mwenye lori barabarani. Alikuwa amempa neno. Kesho asubuhi wangekuja kwetu.

"Na wewe," akanigeukia, "ufue nguo zako. Jumatatu unakwenda twisheni."

Nilitamani kupiga vigelegele lakini nilikuwa na heshima. Mama alikuwa akikwangua ukoko wa ugali, akaendelea kuukwangua hata ulipokwisha kutoka.

"Mama Fausta, husemi kitu?" baba akamuuliza.

"Ninakwangua sufuria."

Kwa watu wengine kunyamaza ni kukubali. Kwa mama yangu, kunyamaza kulikuwa kama wingu linalozunguka kilele cha Hanang: lazima linyeshe mahali, hujui tu ni wapi.

Asubuhi aliniamsha giza likiwa linaachia. "Njoo tufungue uzio." Niliruka. Uzio wetu ulikuwa wa matawi ya miiba, na ili kitu kikubwa kipite ilibidi kuyaondoa moja moja. Nilijua kitu hicho kikubwa ni nini. Nilivuta matawi yale kwa moyo wote, miiba ikinichana mikono, na kwa kuwa nilikuwa nilivyokuwa, niliyapanga pembeni kwa ukubwa, mashina upande mmoja, ili mwenye lori aone kwamba hapa wanaishi watu nadhifu. Mama alinitazama nikipanga. Nilitaka hata kufagia.

Ndipo nikasikia kengele. Lori halina kengele shingoni. Nikageuka, nikamwona Gidamis akitokea kwenye ukungu, shuka lake likiwa limelowa umande, na nyuma yake ng'ombe, wekundu, weusi, madoa, pembe juu ya pembe. Mama alikuwa amempelekea habari. Waliingia kupitia pengo nililolifungua kwa mikono yangu, wakapita kando ya miiba yangu iliyopangwa vizuri, wakaanza kuvunja mabua kwa sauti ile ya kutafuna ambayo mpaka leo naisikia kama mvua ya mawe kwenye bati.

"Mama, wanakula!" nilisema. Ndivyo nilivyosema, kama mtu anayetoa taarifa kwa asiyeona.

"Wana njaa," akajibu.

Nililia. Sitawaficha. Nilikaa chini kwenye umande nikalia kwa sauti, na kwato zilipita karibu yangu zikikanyaga twisheni yangu, shule yangu ya bweni, kitanda changu cha chuma na sanduku langu lenye kufuli.

Lori lilifika jua limeshapanda. Mwenye kofia nyeupe alishuka, akatazama shamba, akamtazama baba aliyekuwa ametoka ndani akiwa na kiatu kimoja, akacheka kwa kutoamini.

"Mzee, si tulikubaliana?"

Baba alifungua mdomo. Mama akamtangulia.

"Alikubali mahindi, bwana. Mahindi hata leo tukuuzie. Mabua yana wenyewe."

"Mama, umewalisha ng'ombe wa watu pesa yako!"

"Nimewalisha. Wataitoa wenyewe kesho asubuhi, ikiwa ya moto."

Vijana wa lori walicheka, hata mmoja akajipiga paja. Mwenye lori hakupenda kuchekewa na watu anaowalipa. "Wenzako wanaezeka bati," akasema, "wewe unakusanya mavi ya jirani."

"Na ugali uliokula jana uliota wapi? Kwenye tela la lori lako?"

Majirani walikuwa wameanza kusogea kwenye uzio, na wengi wao walikuwa wameshauza. Mama aliwaona. Akapaza sauti kidogo, si kwa mwenye lori tena: "Mvua ikija, huyu atatulimia kwa kofia?"

Mwenye lori alipanda, akaondoka, vumbi likatufunika. Baba alivaa kiatu cha pili. Alikuwa amevunjiwa neno lake mbele ya watu, na nilingoja afoke. Alimtazama mama, akautazama uzio, kisha akauliza nani aliyepanga miiba vizuri namna ile.

Mke wa Gidamis alipotuletea maziwa kwenye kibuyu, niligoma kunywa. Nilitegemea mama anibembeleze. Alichukua kikombe changu, akakinywa chote, akajifuta mdomo. "Asante," akasema. Nilipomwambia kwamba nitafeli kwa sababu ya mabua, alijibu, "Basi feli. Lakini kwanza kasome." Nikaenda kukaa pembezoni mwa shamba na madaftari ya kuazima, ng'ombe wakitafuna mbele yangu, nikajifundisha mwenyewe sehemu na asilimia kwa hasira. Kila nilichojifunza baadaye, pamoja na kuandika huku, nimejifunza kwa namna ile ile: peke yangu, bila mwalimu, nikiwa nimekasirika kidogo.

Sikuchaguliwa shule ya bweni. Nilifaulu kwenda shule ya kata, na huko ndiko nilikoishia. Kama twisheni ingenipeleka mbali zaidi, sijui. Kuna siku nadhani ingenipeleka. Siwezi kuwadanganya kwamba uamuzi wa mama haukunigharimu kitu. Na jirani yetu mmoja aliyeuza mabua aliezeka bati ambalo linang'aa mpaka leo, na sisemi alikosea.

Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Mvua ya kwanza ilipopiga, Gidamis hakuwa Yaeda Chini. Alikuwa mlangoni kwetu na maksai wawili kabla baba hajamaliza kuitikia salamu. Tulipanda udongo ukiwa bado na unyevu, huku waliouza wakingoja zamu ya trekta kutoka mjini, na mvua haingoji zamu. Msimu ule haukuwa mzuri kwa yeyote, lakini sisi tulikula mpaka msimu mwingine, na gunia tulilouza ndilo lililolipa deni la sare yangu ya sekondari. Mwaka uliofuata lori halikuonekana. Tulisikia limepata mabua ya bei rahisi zaidi kwingine.

Ninaandika haya kwa sababu nimechoka. Nimekaa kwenye mikutano ya maendeleo hapa mjini ambapo watu wenye viatu vizuri wanatuambia kwamba kilimo cha huku ni cha kujikimu, na wanalitamka neno kujikimu kama jina la ugonjwa. Wanasema kinachangia kidogo. Wanahesabu kilichopita mizani. Ng'ombe wa Gidamis hawakupita mizani. Maksai wake hawakutoa risiti. Lakini ondoa hayo mwaka mmoja tu, kisha uende dukani kwa Bi. Zuhura ukamuulize vitenge vinakwendaje. Tunajikimu, ndiyo. Na mji wenu tunaukimu pia.

Mikutanoni, hayo yote huwa nayasema moyoni tu. Mkono hauinuki. Naipanga sentensi, naifuta, naipanga tena, mkutano unafungwa kwa sala. Na kila mara nimejilaumu kwa kutokuwa kama mama, ambaye niliamini alizaliwa bila woga.

Mwezi uliopita nilikuwa Gendabi, tukichambua maharage mimi na mama. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile ya lori, hakuogopa?

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kama mawe hupikwa.

"Niliogopa mpaka tumbo likaharibika. Baba yako alikuwa ametoa neno. Wewe ulikuwa unapanga miiba kama mtu anayetandika kitanda cha bibi harusi. Nilijua ukifeli utanichukia. Nilijua Gidamis angeweza kuhama hata akishashiba."

"Sasa uliwezaje?"

"Kuweza nini? Ng'ombe walikuwa wameshafika." Akapuliza makapi, yakaruka kwenye sketi yangu. "Kama ningengoja tumbo lipoe kwanza, wangekuta shamba tupu."

Juma lililofuata kulikuwa na mkutano mwingine hapa mjini. Mgeni alisema yale yale. Tumbo langu likaanza. Niliinua mkono likiwa linanguruma, nikasimama, na sentensi niliyoitoa ilikuwa na makosa mawili ya sarufi, ambayo nimeyakumbuka kila siku tangu wakati huo. Wote waliyasikia. Sikukaa mpaka nilipomaliza.